Bima ya duka la wanyama ianze na mteja, si na mbwa

Maduka ya wanyama wa kufugwa nyumbani yanazidi kuonekana Dar es Salaam. Zamani aliyetaka mbwa aliomba kwa jirani ambaye jike lake limezaa, na aliyetaka njiwa alikwenda sokoni na kikapu. Leo kuna fremu zenye mabango ya German Shepherd, matangi ya samaki wa mapambo yanayomulikwa taa za bluu, vizimba vya sungura vilivyopangwa hadi kibarazani na rafu za chakula cha paka kilichotoka ng'ambo. Nairobi biashara hiyo imekomaa zaidi, na ina wateja wanaolipa fedha nyingi kwa mtoto mmoja wa mbwa wa mbegu. Ukutani mwa maduka haya hakukosi leseni ya biashara na cheti cha mlipakodi. Ukiuliza habari za bima, mara nyingi utapata moja ya majibu mawili: "benki ilinikatia ya moto nilipokopa," au "nani atakata bima ya mbwa wa dukani?"

Majibu hayo yanaonekana tofauti, lakini yana shina moja. Yote yanatazama mali ya mwenye duka: la kwanza linatazama rafu na kuta, la pili linatazama wanyama. Hakuna linalomtazama mtu anayeingia mlangoni na mtoto wake mkononi. Hoja yangu ni kwamba anayechagua bima ya duka la wanyama aanze na madhara ambayo duka lake linaweza kumsababishia mtu mwingine, afuate mali isiyo na uhai, na bima ya vifo vya wanyama wenyewe aiweke mwisho. Najua mpangilio huu unakwenda kinyume na hisia. Mwenye duka hulala akiwaza mbwa wake watakufa, halali akiwaza mbwa wake atauma. Lakini bima hainunuliwi kwa kufuata kinachotisha zaidi usiku. Hununuliwa kwa kupima hasara ipi mtu hawezi kuilipa kwa mfuko wake.

Hasara ipi itafika nyumbani?

Tuchukue hasara mbili za duka moja. Ya kwanza, watoto wanne wa mbwa wanakufa katika wiki moja. Inauma, na huenda faida ya mwezi mzima ikaenda nao, lakini ukubwa wake unajulikana tangu mwanzo: ni bei ya mbwa wanne, chakula walichokula na gharama za daktari wa mifugo. Haiwezi kuvuka hapo. Ya pili, mtoto wa mteja anapenyeza vidole kwenye wavu wa kizimba na mbwa anavinyaka. Hii haina dari. Kuna kushona jeraha, kuna chanjo, kuna siku ambazo mzazi hakwenda kazini, na kama kidole kimepotea au uso umeharibika kuna fidia ambayo kiasi chake hakipangwi na mwenye duka wala na bei ya mbwa aliyeuma.

Juu ya jeraha kuna hofu ya kichaa cha mbwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza, mgonjwa karibu kila mara hufariki. Ndiyo maana aliyeumwa hutakiwa kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha kuanza dozi za chanjo mara moja na kuzimaliza zote kwa tarehe alizopangiwa. Nani atalipa dozi hizo, nauli za kwenda na kurudi hospitali, na wakili iwapo familia itafungua kesi? Mwenye duka atasema mbwa wake wamechanjwa. Vizuri, lakini mzazi mwenye mtoto anayevuja damu hataridhika kwa kuonyeshwa kadi, na daktari naye hatabahatisha.

Hapa ndipo jambo hili linapoingia chumbani na jikoni. Sehemu kubwa ya maduka haya huendeshwa kwa jina la biashara lililosajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA. Wengi hudhani usajili huo umejenga ukuta kati ya duka na nyumba. Haukujenga. Jina la biashara halina nafsi yake kisheria kama ilivyo kwa kampuni yenye dhima ya ukomo. Deni la duka ni deni la mwenye duka. Mahakama ikiamuru fidia na fedha za duka zisitoshe, kinachofuatwa ni kiwanja cha Kigamboni, gari la familia na akiba ya ada za shule. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na kwa mfanyabiashara wa aina hii msemo huo ni hali halisi ya kisheria.

Bima inayohusika hapa ni bima ya dhima kwa umma. Hulipa fidia anayodaiwa mwenye duka kwa mtu wa nje aliyeumizwa au aliyeharibiwa mali, pamoja na gharama za kujitetea, hadi kikomo kilichoandikwa kwenye hati. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala lihusu kikomo hicho: ni kiasi gani kwa tukio moja, na ni kiasi gani kwa mwaka mzima? La pili liwe: kuumwa na mnyama kumetajwa kuwa ndani ya kinga, au kumetolewa? Duka la nguo na duka la mbwa yakipewa hati moja iliyochapwa mapema, anayeweza kuumia ni mwenye mbwa.

Swali la tatu husahaulika zaidi kuliko yote. Maduka mengi sasa hayauzi tu. Yanaogesha mbwa wa wateja, yanawanyoa, na msimu wa Krismasi na Idi yanawalaza wakati wenyewe wamesafiri. Bima ya dhima kwa kawaida haigusi mali ya mtu mwingine iliyo mikononi mwako kwa uangalizi. Mbwa wa mteja akichomoka kwenye kamba wakati wa kuoshwa na kugongwa barabarani, mwenye duka aliyedhani amekingwa atakuta kifungu kinachomwambia kwamba mbwa huyo alikuwa chini ya ulinzi wake, hivyo hasara ni yake. Kinga hiyo huombwa kwa jina na huongezwa kwa maandishi. Asiyeiomba hana.

Na wafanyakazi? Kijana anayesafisha vizimba ndiye aliye karibu zaidi na meno na kucha, lakini bima ya dhima kwa umma haimhusu. Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambako kila mwajiri anatakiwa kujisajili, na mchango wa sekta binafsi umeshuka kutoka asilimia 1 ya mishahara hadi asilimia 0.5. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini. Hapa hakuna la kuchagua. Ni wajibu, na anayeukwepa kwa kusema "huyu ni kijana wangu tu wa nyumbani" anajidanganya mwenyewe.

Fremu ni ya mwenye nyumba, bidhaa ni zako

Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliteketeza soko kuu la Kariakoo. Wafanyabiashara wengi waliopoteza bidhaa humo hawakuwa na bima, na wengine walishangaa kusikia kwamba bima ya jengo na bima ya mzigo ulio ndani yake ni vitu viwili. Baada ya hapo, mwaka 2022, sheria ilirekebishwa ili masoko ya umma na majengo ya biashara yawe na bima ya lazima. Ni hatua njema, lakini imezaa faraja ya uongo kwa mpangaji. Mwenye fremu akilipwa, atajenga upya kuta zake. Matangi, majokofu ya chanjo, vizimba, magunia ya chakula na pampu ni vya mpangaji, na vitabaki majivu hadi mpangaji mwenyewe awe na hati yake.

Katika bima ya mali, kosa linalowagharimu wengi ni kutaja thamani ndogo ili ada ipungue. Tuseme duka lina vifaa na bidhaa za shilingi milioni 40, na mwenyewe akaandikisha milioni 20. Moto ukila mali ya milioni 10, atategemea kulipwa milioni 10, kwani si ziko ndani ya milioni 20? Kampuni hutumia kanuni ya uwiano: umekata bima ya nusu ya mali, utalipwa nusu ya hasara. Atapewa milioni 5, tena baada ya kukatwa kile kiasi ambacho hati inasema atajibebea mwenyewe katika kila tukio. Alichookoa kwenye ada ya mwaka amekipoteza asubuhi moja. Dawa yake ni orodha ya mali yenye bei za kununua upya, iliyoambatanishwa na risiti na picha, na nakala yake ikae nje ya duka. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye meza ya madai huisha bila fidia.

Asome pia majanga yaliyotajwa. Moto na radi huwa ndani. Mafuriko mara nyingi ni nyongeza, na kwa Dar es Salaam, ambako bonde la Msimbazi hufurika mvua zikizidi, nyongeza hiyo si anasa. Wizi kwa kawaida humaanisha wizi wa kuvunja, wenye alama za kuvunjwa. Mauzo yanayopunguzwa kidogo kidogo na mfanyakazi hayahesabiwi humo. Ghasia za kisiasa nazo huhitaji kinga ya peke yake, kama walivyojifunza wenye maduka katikati ya Nairobi walioporwa wakati wa maandamano ya Juni 2024.

Kuna janga jingine ambalo duka la wanyama hulijua kuliko maduka mengine, nalo ni umeme kukatika. Katika tangi lenye samaki wengi, pampu ya hewa ikisimama, hewa iliyoyeyuka majini hupungua haraka. Samaki hupanda juu, wakaning'inia chini ya uso wa maji na midomo wazi, wakihema. Wakubwa hutangulia kufa kwa kuwa wanahitaji hewa zaidi, na mizoga ikikaa ndani huchafua maji na kuwamaliza waliobaki. Hakuna kilichoungua, hakuna kilichoibwa, hakuna mlango uliovunjwa, na kwa hiyo hati ya kawaida ya moto na wizi haina cha kulipa. Lakini pampu ndogo ya betri inayowaka yenyewe umeme ukizima huokoa tangi zima. Si kila hatari inastahili bima. Nyingine zinastahili kifaa.

Uhai ndani ya hati

Sasa tuje kwa wanyama wenyewe. Kwa nini niwaweke mwisho, wakati ndio roho ya biashara? Kwa sababu vifo vyao ndivyo hatari ambayo kampuni ya bima huiogopa zaidi na mwenye duka huweza kuipunguza zaidi. Angalia ugonjwa wa parvo. Mtoto wa mbwa huambukizwa kwa kinyesi cha mgonjwa, na kwa kawaida huonyesha dalili baada ya siku 3 hadi 7: hali chakula, anatapika, anaharisha damu yenye harufu kali. Virusi vyake hukaa sakafuni kwa miezi, na sabuni ya kawaida haviisikii. Huuawa kwa maji ya jiki yaliyochanganywa vizuri na kuachwa yafanye kazi. Mbwa mmoja aliyeletwa jana bila cheti anaweza kumaliza kizimba kizima. Kampuni gani itabeba hatari hiyo kwa bei nafuu, ilhali wanyama wanaingia na kutoka kila wiki?

Bima ya mifugo ipo Tanzania, lakini kwa sehemu kubwa imejengwa kwa ajili ya ng'ombe na kuku. Anayeitaka kwa wanyama wa dukani atakutana na masharti: umri wa mnyama, cheti cha daktari wa mifugo, alama ya kumtambulisha, na siku kadhaa za mwanzo ambazo kifo cha ugonjwa hakilipwi. Kwa mnyama anayekaa dukani wiki 2 kabla ya kuuzwa, kipindi hicho cha kusubiri kinaweza kumaliza maisha yake yote ya dukani. Mwenye duka atakuwa amelipia kinga ambayo haikuwahi kuanza.

Akiba haiozi, na hapa ndipo mahali pake. Fedha ambayo ingekwenda kwenye bima ya vifo vya watoto wa mbwa ifanye kazi tatu: chumba cha kuwatenga wanaoingia kwa siku 14, chanjo kwa ratiba ya daktari, na mfuko mdogo wa kufidia wanaokufa. Ningekubali tofauti moja. Mwenye jike au dume la kuzalishia, la bei kubwa, linalokaa naye miaka na kuzaa kipato, ana mali inayofaa kukatiwa bima ya kifo, maana hasara yake inaweza kusimamisha duka.

Kuna wanyama ambao hakuna bima itakayowagusa. Kasuku wa kijivu yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017, na biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imepigwa marufuku. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya 2009 nayo inataka kibali kwa anayemiliki mnyama wa porini. Anayeficha kasuku nyuma ya duka bila karatasi asitegemee fidia akiibiwa. Na kampuni ikigundua kwamba alificha jambo kubwa wakati wa kujaza fomu, inaweza kupata sababu ya kukataa hata madai mengine. Vivyo hivyo kwa petroli ya jenereta iliyowekwa stoo, au mbwa wa ulinzi waliofunzwa kushambulia. Bima imesimama juu ya ukweli wa anayeomba, na fomu ndiyo kiapo chake.

"Kampuni za bima hazilipi"

Pingamizi kubwa linajulikana, na halina haja ya kubezwa. Watu wamezungushwa, wameombwa karatasi moja leo na nyingine kesho, na wengine wamekata tamaa. Hii ni sehemu ya sababu zinazofanya michango ya bima nchini Kenya na Tanzania isifike hata asilimia 3 ya pato la taifa. Lakini tuyachambue madai yanayogonga mwamba. Yako yanayokataliwa kwa uonevu. Yako pia yanayokataliwa kwa sababu janga halikuwa kwenye hati, ada haikulipwa, thamani ilipunguzwa, au taarifa ilitolewa baada ya wiki nyingi. Kundi hilo la pili linatibika siku ya kununua, kwa kusoma na kuuliza.

Kwa lile la kwanza kuna ngao, japo haijakamilika. Sheria ya Bima ya Tanzania ya 2009 inataka ada ilipwe ndipo kinga ianze, kwa hiyo ahadi ya wakala kwamba "utamalizia mwisho wa mwezi" isipokewe kama kinga. Hati ihakikiwe kwenye mfumo wa mamlaka ya usimamizi wa bima, TIRA, ili mtu asilipie karatasi ya kughushi. Kampuni ikigoma bila sababu, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kufikiria mahakama. Na mwenye duka anayetaka bei za kampuni kadhaa ana sababu ya kwenda kwa dalali wa bima, kwani wakala huuza bidhaa za kampuni anayoiwakilisha ilhali dalali hutakiwa kumtafutia mteja.

Wapo wanaosema biashara yao ni ndogo mno. Lakini meno ya mbwa hayapimi mtaji. Duka lenye mtaji wa milioni 5 linaweza kumjeruhi mteja sawasawa na lenye milioni 100, na lile dogo ndilo lisilo na pa kushikilia. Mdharau mwiba mguu huota tende. Wapo pia wanaosita kwa imani, wakiona bima ya kawaida ina riba na kubahatisha. Hao nao wana njia: Kenya ina kampuni ya takaful, yaani bima inayofuata misingi ya Kiislamu, tangu mwaka 2011, na Tanzania imefungua mlango huo katika miaka ya karibuni. Msingi wake ni watu kuchangiana kubeba msiba wa mwenzao, jambo ambalo jamii zetu zililijua kabla ya kampuni yoyote.

Fedha kidogo ianzie wapi?

Kampuni za bima nazo zina deni. Hati nyingi bado zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na fomu zake hazina mahali pa kuandika kwamba duka linalaza mbwa wa watu. Kampuni itakayotoa hati moja kwa duka la wanyama, yenye dhima ya kuumwa, wanyama wa wateja walio chini ya uangalizi, na vifaa na bidhaa, kwa Kiswahili na kwa ada inayolipika kwa awamu zinazokubalika kisheria, itapata wateja ambao leo hawahesabiwi. Mdhibiti anaweza kusukuma jambo hili, kama bima ya kilimo ilivyosukumwa hadi kampuni zikaungana kubeba hatari kwa pamoja.

Hata kabla ya hayo kutokea, mwenye duka anaweza kupanga vyema fedha aliyonayo. Michango ya WCF haikwepeki kwa visingizio, ilipwe. Kisha ije bima ya dhima, yenye kuumwa na mnyama na wanyama wa wateja vikiwa vimetajwa kwa maandishi. Kisha mali, kwa thamani yake ya kweli. Vifo vya wanyama vibebwe na chanjo, karantini na akiba, isipokuwa kwa yule wa kuzalishia. Katika mpangilio huu, kinga ya kwanza anayoinunua kwa hiari ni ile ambayo fidia yake yeye mwenyewe hataishika. Italipwa kwa mama wa mtoto aliyeumwa, au kwa mteja aliyepoteza mbwa wake. Wengi huona hiyo ni fedha ya kuwanufaisha wengine. Lakini fidia hiyo isipotoka kampuni ya bima itatoka nyumbani kwake, na mke, mume na watoto ambao hawajawahi kuuza hata sungura mmoja ndio watakaoilipa.